Chatiboti, Google, kundi la mtaa au ofisi: swali lako la leo ulipeleke wapi?

Watu wengi wanaoingia saiba (duka la intaneti) tunayofanyia kazi hapa Mwembe Tayari siku hizi huja na jibu tayari. "ChatGPT imeniambia ada ni hii." "Meta AI imesema nilete karatasi hizi." Mara nyingi jibu lao ni zuri na kazi huisha upesi. Lakini wako pia waliopanda matatu kutoka Mtwapa na karatasi zisizotakiwa, au waliolipia huduma ambayo serikali ilishaifuta. Hao ndio huuliza, na huuliza kwa uchungu: kitu hiki ni cha kuaminiwa au la?

Likiulizwa hivyo, swali hilo halijibiki. Linalojibika ni hili: kwa jambo nililo nalo leo, nimwendee nani? Kwa mkaazi wa Mombasa mwenye simu, walio karibu ni wanne: chatiboti (programu ya akili mnemba inayojibu maswali), Google, kundi la WhatsApp la mtaani, na mtu ambaye jambo hilo ndiyo kazi yake, awe mfamasia, karani wa Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) au kadhi.

Vigezo

Nimewapima kwa mambo matano. Usahihi: jibu ni la kweli, au linasikika tu kama la kweli? Upya: anayejibu ana habari ya yaliyobadilika mwaka huu, au hata asubuhi hii? Hali yako: anakujua, anakuona, au anajibu mtu yeyote? Dhamana: jibu likikutia hasarani, kuna wa kumrudia? Na mwisho gharama na siri: unatoa nini ili ujibiwe?

Dhamana mimi naipa uzito kuliko vyote. Jibu baya la upishi wa pilau utalila na kulisahau. Jibu baya la dawa au kodi litakufuata, na hapo ndipo mtu hutamani angekuwa na jina la aliyemjibu.

Chatiboti: ChatGPT, Gemini, Meta AI na wenzao

Usahihi. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma Novemba 2022. Yeye na wenzake wamesomeshwa maandishi mengi mno, wakajifunza neno gani hufuata lipi, na jibu hulitunga kipande baada ya kipande kwa kufuata uwezekano. Hakuna kabati ambamo majibu yamewekwa yakisubiri kutolewa. Ndiyo maana mambo yaliyoandikwa na wengi wanayaeleza vizuri sana: kwa nini bamvua, yaani maji makuu ya bahari, huja mwezi unapoandama na unapopevuka, riba ya mkopo huhesabiwaje, barua ya kuomba kazi ipangwe vipi. Yameandikwa maelfu ya mara, na mkondo wenyewe wa maneno unaelekea kwenye ukweli. Ukiuliza jambo lililoandikwa mara chache, kama ada ya leseni ya kibanda katika kaunti moja au saa ya maji kupwa kesho Nyali, jibu hutungwa kwa ufasaha ule ule. Ni sawa na mpita njia aliyeulizwa njia ya mtaa asioujua akaona haya kusema hajui: kidole hunyooka vile vile.

Mwaka 2023 huko New York, mawakili wawili na kampuni yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazijawahi kuwapo. ChatGPT ndiyo iliyozitunga. Sehemu ya mkasa huo ninayowaeleza wateja kila mara ni hii: mmoja wa mawakili hao aliiuliza chatiboti yenyewe kama kesi mojawapo ni ya kweli, ikamjibu kuwa ni ya kweli. Kuiuliza "una hakika?" si kukagua. Kukagua ni kwenda kwingine.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliangalii. Programu hizi zina tabia ya kumfuata muulizaji. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliondoa toleo jipya la ChatGPT kwa sababu lilikuwa likisifu na kukubali kupita kiasi. Ukianza swali lako kwa "si ni kweli kwamba...", umeshaionyesha unakotaka kwenda. Uliza bila kuegemea: "Ni yapi masharti ya...?"

Na Kiswahili? Inakielewa na kukiandika vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Lakini maandishi iliyosomeshwa ni ya Kiingereza kwa wingi, kwa hivyo jibu la Kiswahili huweza kuwa jembamba, hasa katika mambo ya hapa kwetu. Anayejua lugha zote mbili na aulize kwa zote, kisha alinganishe. Majibu yakitofautiana katika tarakimu, asishike hata moja.

Upya. Hapa ndipo tunapoona hasara nyingi. Ujuzi wa chatiboti huishia siku maandishi yake yalipokusanywa. Chukua bima ya afya. Maandishi ya miaka mingi yanasema NHIF, na kwamba asiyeajiriwa hulipa shilingi 500 kwa mwezi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF haipo. Ipo SHA, mamlaka ya afya ya jamii: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mwenye shughuli zake hupimwa kwa hali ya nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Chukua kodi ya mauzo ya biashara ndogo: ilikuwa asilimia 1, ikawa 3 kuanzia Julai 2023. Chukua nauli ya Madaraka Express kutoka Miritini hadi Nairobi: daraja la kawaida lilikuwa shilingi 1,000, likapanda hadi 1,500 Januari 2024. Katika yote hayo jibu la zamani limejaa mtandaoni na linasomeka safi kabisa, kwa sababu wakati mmoja lilikuwa sahihi.

Matoleo ya sasa mengi huweza kutafuta mtandaoni kabla ya kujibu, na huo ni msaada wa kweli. Angalia chini ya jibu: kuna viungo vya kurasa au hakuna? Kama vipo, fungua kimoja usome kama kweli kinasema hivyo.

Hali yako. Chatiboti inajua ulichoiandikia tu. Uliza kipimo cha paracetamol ya mtoto, itakupa kanuni inayokubalika: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Sawa. Lakini chupa iliyo kabatini kwako haiioni. Dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 na ile yenye miligramu 250 katika mililita 5 hupimwa kwa kijiko kile kile, na mtoto wa kilo 10 akipewa mililita 5 za ile ya pili amepata 250, ilhali kipimo chake hakipiti 150. Kanuni haikukosea mahali. Aliyekosekana ni mtu wa kuishika chupa na kusoma kibandiko.

Dhamana. Karibu hakuna. Zote hubeba onyo dogo kwamba zinaweza kukosea, na onyo hilo ndilo jibu lao ukilalamika. Hali hubadilika chatiboti inapokuwa ya kampuni inayokuuzia kitu. Kanada, Februari 2024, baraza la kusikiliza madai liliamuru Air Canada imlipe abiria zaidi ya dola 800 za huko baada ya chatiboti ya tovuti yake kumwambia anaweza kuomba punguzo la nauli ya msiba hata baada ya kusafiri. Kampuni ilijaribu kujitenga na maneno ya chatiboti yake, baraza likakataa. Uamuzi wa Kanada hauifungi mahakama ya Kenya, lakini tabia ya kupiga picha ya skrini kila kampuni inapokujibu kwa mashine ni tabia ya kuishika.

Gharama na siri. Bando kidogo, na iko macho saa nane za usiku. Haikutazami kwa jicho. Hili silipuuzi hata kidogo. Mji wetu ni mdogo kwa habari. Kijana mwenye dalili za ugonjwa wa zinaa au mama anayetaka kuelewa haki zake katika ndoa anaogopa kuuliza mahali shangazi yake ana rafiki. Kwa watu hao chatiboti imefungua mlango uliokuwa umefungwa. Ila ujue maneno yako yanaweza kuhifadhiwa na kutumika kuifundisha mashine. Katika mipangilio ya ChatGPT, kwa mfano, kuna mahali pa kulizima hilo. Picha ya kitambulisho, nambari ya siri ya M-Pesa na jina la mgonjwa usiyaandike humo.

Inamfaa anayetaka kuelewa jambo, kutunga maandishi, kupanga maswali. Haimtoshi anayetaka tarakimu atakayoilipia leo.

Google na tovuti zenyewe

Usahihi unategemea ukurasa unaoufungua, na faida yake kubwa ni hiyo: unamwona msemaji. Jibu lililo kwenye tovuti ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ni neno la KRA. Lililo kwenye blogu ya mtu ni la mtu. Tatizo ni kwamba wengi hawafungui tena ukurasa. Wanasoma muhtasari ulio juu, ambao mara nyingi nao umetungwa na akili mnemba. Mei 2024 muhtasari huo wa Google ulishauri watu watie gundi kwenye pizza ili jibini lisiteleze, baada ya kuuchukulia kwa uzito utani wa mtandaoni. Ukisoma muhtasari pekee, umeuliza chatiboti nyingine.

Kwa upya, tafuta tarehe ya ukurasa. Usio na tarehe usikubali ukuambie bei. Hali yako Google haiijui, ingawa hukuruhusu kusoma masharti yote na kujitafuta ulipo. Dhamana ipo pale mwenye tovuti anapojulikana, na kwa mambo ya serikali ya Kenya angalia anwani iishe na .go.ke, kwa sababu juu ya orodha huwa kuna matangazo ya kulipiwa, na tovuti za madalali zinazoiga rangi na nembo ya serikali hazikosekani. Gharama ni bando na uvumilivu, na kwa wasiosoma Kiingereza ni mzigo hasa, maana tovuti nyingi za ofisi zetu hazijaandikwa kwa lugha ambayo wengi wetu tunaizungumza nyumbani. Jambo hilo linaniuma, na naliona kila siku katika nyuso za wazee wanaokaa kwenye kiti cha saiba wakiomba wasomewe.

Inamfaa mwenye muda wa kusoma, anayetaka neno la mwenye jambo na si la mfasiri.

Kundi la WhatsApp la mtaa

Kwa upya hakuna anayelishinda. Feri ngapi zinavusha Likoni sasa hivi, stima imepotea Kisauni yote au nyumba yako tu, barabara ya Changamwe imefungwa, nyanya Kongowea zimeshuka: hayo huyajua aliye pale, kwa wakati ule. Wanajua pia hali yako kwa kiasi, kwani ni majirani.

Usahihi wake hupanda na kushuka kwa kipimo cha nani amesema. "Niko hapa naona" ni ushahidi. "Nimeletewa" si ushahidi. WhatsApp huweka mishale miwili juu ya ujumbe uliopita mikono mingi, na Aprili 2020 iliweka kikomo kwamba ujumbe wa namna hiyo upelekwe mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja, kwa sababu uvumi wa corona ulikuwa ukikimbia kupita kiasi. Ukiiona mishale hiyo kwenye habari ya dawa, achana nayo. Dhamana ni ya kijirani tu: atakayekudanganya mutakutana. Siri hakuna. Swali la ugonjwa wako likiingia kundini limeingia mjini.

Inamfaa anayetoka nyumbani sasa na anataka kujua njia ikoje.

Mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake

Usahihi wake ni wa juu, si kamili. Karani wa dirisha moja anaweza kukuambia lake na wa dirisha la pili akakuambia jingine. Basi omba uonyeshwe palipoandikwa. Upya ni mzuri, maana mabadiliko humfikia yeye kwanza. Lakini anapowashinda wote kabisa ni katika hali yako. Mfamasia ataishika ile chupa. Atauliza uzito wa mtoto, homa imeanza lini, amepewa nini tayari. Na kwa kuwa Pwani ina malaria, atakuambia mtoto apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria, jambo ambalo mzazi mwenye haraka hataki kulisikia na ambalo ni la lazima.

Mirathi ni mfano wa pili. Chatiboti hukokotoa mafungu ya Kiislamu kwa wepesi: mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumni, mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Hesabu hiyo ni sahihi. Yaliyo kabla ya hesabu ndiyo magumu: deni lililipwa? Wasia umevuka theluthi? Nyumba ya Mji wa Kale iko kwa jina la marehemu au la babu yake? Yuko mke mwingine bara? Mashine haiulizi usipoitajia. Kadhi huuliza, na mahakama yake imewekwa na Katiba, kifungu cha 170, kushughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu na wakakubali mamlaka yake.

Dhamana ipo: ana jina, ana leseni au ofisi, na yuko mahali unapoweza kurudi. Gharama nayo ipo, wala si ndogo. Nauli, foleni, siku ya kazi iliyopotea, na kwa baadhi ya mambo aibu ya kusema uso kwa uso. Usiku ofisi zimefungwa. Sisi wa saiba tunaingia humu nusu: tunajua fomu, hatujui sheria, na mteja ana haki ya kututaka tumwonyeshe kwenye skrini tulipoitoa ada tunayomtoza.

Anamfaa kila mwenye jambo la mwili, la pesa nyingi au la haki.

Kwa hali yako

Mtoto ana homa usiku. Chatiboti ikusaidie kuelewa dalili ukiwa umetulia, siku nyingine. Usiku huo, kama hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, ametetemeka kwa degedege, amelegea kupita kawaida, au bado hajafika miezi mitatu, usiandike swali lolote popote, ni hospitali. Kama anacheza na kunywa, mpigie mfamasia unayemjua na umsomee kibandiko cha chupa neno kwa neno.

Ushuru na bima. Uelezwe na chatiboti ili ujue maneno, lakini kiwango na tarehe uzichukue kwenye iTax, tovuti ya KRA, au kwa SHA kupitia *147#. Ritani (taarifa za kodi) za mwaka hufungwa tarehe 30 Juni, na mtu binafsi anayechelewa huanza na faini ya shilingi 2,000, hata kama hana kodi ya kulipa. Hakuna ofisi itakayokusamehe kwa sababu simu ilikuambia Julai.

Kutembea mwambani maji yakiwa yametoka. Watoto na wageni hufuata maji kupwa pwani ya Nyali na Bamburi, na wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Kwa nini saa husogea kama dakika 50 kila siku, chatiboti itakueleza vizuri. Saa yenyewe usiitoe kwake. Itoe kwenye jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, au kwa mvuvi aliye hapo ufuoni. Naye akikuambia rudi, rudi.

Kuvuka Likoni asubuhi. Kundi la mtaa, au jamaa aliyevuka kabla yako.

Barua, tangazo la biashara, kueleweshwa mkataba wa nyumba. Chatiboti, bila wasiwasi mwingi, mradi ufute majina na nambari kabla ya kubandika. Mkataba wa pesa nyingi umfikie wakili kabla ya kalamu.

Suala la dini. Aya na hadithi ni mahali ambapo maneno ya kutungwa hufanana sana na ya kweli. Usisambaze hadithi uliyopewa na mashine kabla ustadhi hajakuonyesha ilipo kitabuni.

Jambo la aibu. Anza na chatiboti, bila jina lako wala la mtu mwingine, upate ujasiri na maneno ya kulieleza. Kisha zahanati. Muuguzi ameshasikia mengi kuliko hilo.

Kufungua kibanda au biashara ndogo. Hapa tumia wote, kwa mpangilio. Iambie chatiboti unauza nini na wapi, na iombe ikuandikie maswali unayopaswa kuuliza, si majibu. Tafuta kwenye tovuti za .go.ke yale yanayopatikana. Uliza jirani mwenye kibanda amelipa nini mwaka huu. Yaliyobaki yapeleke Huduma Centre pale Posta au ofisi ya kaunti, na ukiwa dirishani soma swali moja baada ya jingine, uandike jibu la kila moja, tarehe, na nambari ya dirisha lililokujibu.